Taja Kambi Ulizolala

Mtendeni, Tabora
3 Juni 2024

Mwanangu Mwamvita,

Nakutumia salamu nyingi kama abiria wa treni ya Kigoma. Hapo Kaliua hamjambo? Mimi mzima, ni mgongo tu unaonikumbusha umri.

Kaka yako Saidi yupo kwangu tangu arudi kutoka vitani Kongo. Haongei, na kulala analala barazani. Ndani ya nyumba, anasema, hapumui. Nikaona nimchangamshe. Nimepata filamu ya mwanajeshi aliyerudi kwao akakuta adui kamvurugia maisha, analipiza kisasi. Unanijua nikishika maiki kutafsiri, Tabora nzima inahamia kwenye banda langu la video. Kwenye picha stering, yule mwanajeshi, anaua watatu, mimi nawaongeza wanafika kijiji kizima. Wazungu waliotengeneza filamu ile wangenisikia, wangeirudia upya.

Saidi anakuja kila siku. Anakaa benchi la nyuma, hata hapepesi macho. Dawa imeingia.

Mjomba wako,
Adinani

Kaliua
9 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima, tunafunga tumbaku. Pole na mgongo.

Mjomba, hiyo si dawa. Saidi amenipigia simu kuuliza kama Shaban bado anakaa Ziba, karibu na mnada wa ng'ombe. Unakumbuka Shaban ndiye aliyeeneza kwamba kaka kafia Kongo, tukakaa matanga, kisha akamwoa Asmahani aliyekuwa akimsubiri kaka. Nilikuwa nasikia panga linanolewa. Nikamuuliza la nini, akasema, "Stering alimfuata adui nyumbani kwake." Akakata simu.

Anakusikiliza wewe tangu mdogo. Ulikuwa unatukalisha mkekani ukitusimulia habari za babu mpagazi, naye anabeba mto begani akisema ni pembe ya ndovu, anazunguka uani mpaka usingizi unamwangusha. Fanya jambo, Mjomba. Sina kaka mwingine.

Mwanao,
Mwamvita

Mtendeni
16 Juni 2024

Mwanangu Mwamvita,

Marahaba. Barua yako niliipata Ijumaa. Jumamosi mchana nikaweka filamu ileile. Saidi yuko nyuma, panga limo kwenye gunia miguuni pake.

Stering akapanda ngazi za adui na bunduki. Hapo ndipo huwa nanguruma. Safari hii nikasema kwenye maiki kwamba amefika kwao, ila kwao mtu akitoka mbali haingii ndani mpaka ataje kambi zote alizolala. Kama babu yule aliporudi kutoka pwani kupeleka meno mawili ya tembo begani, la tatu akilitumia kama fimbo. Alisimama mlangoni akataja Bagamoyo, Mpwapwa, Tura, Rubuga, mpaka Kwihara, ndipo mkewe akamsogezea kigoda. Kwenye picha risasi zinalia. Nikasema hizo ni fataki, wanamkaribisha.

Banda likachafuka. Wakasema Mjomba leo amelewa, wengine wakatoka. Sifa zangu za miaka yote hiyo, mwanangu, niliziona zikitoka mlangoni zimevaa kandambili.

Nikauliza kama vile namuuliza stering, macho yangu kwenye benchi la nyuma: "Taja, mwanangu. Ulilala wapi?"

Saidi akasema, "Goma." Akasema, "Sake." Akasema, "Pale alipobaki mwenzangu Mfaume." Hapo akalia. Waliobaki ndani hakuna aliyecheka.

Panga ameniachia. Kesho anapanda treni aje kwako. Anasema kambi zilizobaki atazitaja mlangoni hapo kwa marehemu mama yenu. Usimharakishe. Kile kigoda cha marehemu bado kipo?

Mjomba wako,
Adinani, ambaye hata babu yule angemwazima pembe moja

Kaliua
19 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Panga hilo katia kuni.

Alisimama mlangoni na begi lake. Nikatoa kigoda cha mama, nikamsikiliza. Alitaja mpaka chai ikapoa, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Kwa Mfaume alikaa sana. Ya mwisho akasema, "Mtendeni, kwa Mjomba." Nikamwambia karibu ndani.

Ziba ameitaja mara moja tu, kuuliza kama Asmahani ana mtoto. Nikasema anaye. Akatazama reli kwa muda, kisha akaomba ugali.

Nakuandikia nikiwa uani nisimsumbue. Amelala chumbani, Mjomba, na mlango ameufunga mwenyewe.

Mwanao,
Mwamvita