Umeme wa Treni Inayoteremka

Jumatatu, 8/7/2024
Kitabu kimejalidiwa! Nakala tano, jalada la bluu. Kazi yangu ya mwisho ya institut, chuo chetu cha ufundi: treni ya umeme ya kubuni, Bukavu hadi Uvira. Treni yenyewe sijawahi kuiona kwa macho. Lakini hesabu naijua. Ikiteremka mlima na kushika breki, mota yake inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye waya, treni nyingine inautumia. Akiba: asilimia 27. Nimeringa nayo mtaa wetu wote wa Nyamianda. Nakitetea Jumamosi mbele ya jury, walimu watakaonipa alama.

Jumatano, 10/7
Mama amefika kutoka Bwegera na mchele wa sherehe. Akataka nimweleze hicho kitabu kinachonikondesha. Nikasema: treni inayoteremka inaipa umeme ile inayopanda, kama shamba la juu linavyoachia maji ya mfereji yaende shamba la chini. Alikuwa anapeta mchele. Hakuinua hata kichwa.
— Na kama ule wa chini hajafungula shamba yake, maji inaenda wapi?
Nikacheka. Yanamwagika tu, mama.
Halafu sikucheka tena.

Alhamisi, 11/7
Asubuhi yote kwenye ukurasa wa 41, ratiba ya treni. Mjinga mimi! Niliiga magari ya barabara yetu: asubuhi yote yanateremka, alasiri yote yanapanda, maana hakuna anayetaka kukutwa na giza njiani. Basi treni zangu nazo zinateremka pamoja. Hakuna inayopanda iupokee. Umeme wa breki unaishia kuwa joto tupu.
Nimehesabu upya mara tatu. Si 27. Ni 4.
Nikipanga moja ipande wakati nyingine inateremka, napata 22. Lakini hiyo haimo kitabuni.

Ijumaa, 12/7
Nimemwona Profesa Ildephonse, anayeniongoza. Akasoma karatasi yangu.
— Olga, nyamaza. Jury hawasomake page zote. Minye njo niliweka sinyatire, jina yangu iko mule. Weye unataka kurudia mwaka, na minye wanicheke?
Si mtu mbaya. Miezi sita aliniachia ordinatere yake, kompyuta aliyo nayo moja tu. Nina hasira naye, na zaidi na mimi mwenyewe. Naogopa. Kurudia mwaka! Mama ameacha mavuno kwa ajili ya kesho.

Jumamosi, 13/7
Naandika koridoni. Jury wamenitoa nje, wanajadiliana.
Ilikwenda vizuri mno. Maswali mepesi. Mmoja akasifu jalada! Ukurasa wa 41 hakuna aliyeugusa. Mwishoni rais wa jury akauliza kama nina la kuongeza. Profesa akanikazia macho.
Nikasema: fungueni 41, tafadhali. Nimekosea.
Ubaoni chaki ilivunjika mara mbili. Nikafuta 27, nikaandika 4. Chini yake ratiba mpya, na 22. Profesa akavua miwani, hakuniangalia tena.
Sasa saa nzima imepita. Ndani wanapayuka. Nasikia sauti ya Profesa — ananitetea au anajitetea, sijui.
Mama mdogo Léocadie, aliyekuwa nje akilinda masufuria, hajui lolote. Amenifunga kitenge kipya, na ameshanimwagia kichwani poda ya washindi, ile wanayomwagiwa waliofaulu, kopo zima. Nikamwambia ngoja, mama mdogo, bado hawajasema!
— Bado nini? Weye si umekwisha kusema?
Poda inaniingia machoni. Mlango unafunguka —