Nilisema Hapana, na Miti Bado ni ya Kijani

Alhamisi, hapa kijijini Muthara. Ukungu umelala juu ya shamba tangu asubuhi na umekataa kuondoka. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Hata mimi niko hivyo.

Leo tumegawa shamba.

Naandika kwa kidole kimoja, pole pole, na mtu asinicheke. Hapa kwetu hakuna mzee mwingine wa rika langu anayeandika kwa simu. Wengine wanaishika mbali na uso kama nyoka. Mimi shule niliiacha darasa la pili nikaenda kuchunga ng'ombe, na bado naandika. Ni Karimi, msichana wangu, alinifundisha herufi nikiwa na mvi tayari. Ni yeye pia alinifungulia ukurasa huu akasema, "Baba, wewe unapenda kuongea, ongea hapa watu wakusome." Ninyi mnaosoma mnajua nimejisifu hapa mara ngapi. Miraa yangu, ng'ombe wangu, nguvu zangu.

Leo sina la kujisifu.

Niwaambie kwanza mila yetu, maana wengine wenu mko mbali. Kwetu mwanamke hakwei mti wa miraa. Anaweza kupalilia chini, anaweza kufunga vibunda kwa majani ya ndizi, hata kuuza. Kukwea, hapana. Wazee walisema akikwea, mti unakauka. Mimi nimesema hivyo maisha yangu yote, sokoni, kanisani, kwa harusi za watu. Kuna jirani tuliacha kusalimiana mwaka mzima kwa sababu mke wake aliegemea mti wangu akipumzika.

Halafu mwaka juzi nikaanguka. Sikuanguka, tawi ndilo lilivunjika. Nyonga ikaenda, nikalala miezi minne. Vijana wangu wawili, Kobia na Mutuma, wanaishi Meru mjini. Walituma salamu. Na miraa haingoji mtu. Usipoichuma kwa wakati, zile chipukizi nyekundu zinageuka kuni. Siku ya tatu nikiwa kitandani nikasikia majani yakitikisika kabla jua halijatoka, nikachungulia dirishani.

Ilikuwa Karimi. Alikuwa amerudi kwangu kutoka kwa ndoa mbaya na begi moja tu. Amevaa suruali yangu ya zamani, ameikaza na kamba, yuko juu kabisa kwa mti mkubwa, ule wa babu yangu.

Nikajifanya nimelala.

Alichuma miezi yote minne. Nilipoinuka, nyonga ilikataa kukwea, akaendelea yeye. Hatukuwahi kulizungumza hata siku moja. Wakati nimelala, niliambia watu nimeandika kazi kijana kutoka mji wa Maua. Nilipopona, nikasema nakwea mwenyewe, mapema, wao wakiwa bado wanakoroma. Na miti je? Haijawahi kuwa ya kijani hivyo. Anachuma vizuri kushinda Kobia. Karibu kama mimi.

Hata hapo nimedanganya. Ananipita.

Sasa leo. Wazee wanne wa ukoo walikuja, na naibu wa chifu na karatasi zake. Vijana wangu wakafika wamevaa makoti. Tulikaa nje, nikatoa miraa, wazee wakatafuna. Mzee Baariu, ambaye tulitahiriwa naye siku moja, akafunga macho. "M'Ikiara, hii ni tamu. Imechumwa na nani?" Nikasema ni mkono wangu huu. Wakasema bado niko ngangari. Karimi alikuwa anamimina chai. Yeye ndiye aliichuma asubuhi hiyo hiyo.

Naibu wa chifu akasema siku hizi lazima msichana naye aulizwe, sheria inataka hivyo. Karimi akaweka birika chini.

"Mimi sitaki mengi," akasema. "Baba anipe ile safu ya chini, karibu na mto. Miti kumi na miwili. Nitaitunza."

Kobia akacheka. "Na ukiolewa tena, dada, utaibeba kwa kiondo?"

Wazee nao wakacheka. Baariu akasema mwanamke na miraa wapi na wapi, itakauka yote tubaki tukitafuna majani ya mwavokado. Halafu akanigeukia. "M'Ikiara, wewe ndiye mwenye miti. Umewahi kuona mwanamke juu ya mti wako?"

Karimi akaniangalia. Hakuniomba kitu. Aliniangalia tu, vile mtu anaangalia mlango akijua kuna mtu ndani.

Nikasema, "Hapana. Sijawahi."

Angeweza kuongea. Ana kovu la tawi mguuni, refu kama kisu, angelionyesha na maneno yaishe. Hakulionyesha. Akasema, "Basi. Baba ndiye anajua miti yake." Akachukua vikombe akaenda kuviosha.

Alinyamaza ili nisiaibike mbele ya rika langu. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Karatasi ikaletwa. Wazee wengine waliweka kidole gumba. Mimi nikakataa wino, nikasema najua kuandika. Nikaandika jina langu lote, herufi moja moja, vile Karimi alinifundisha. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nusu ya juu ya Kobia, nusu ya chini ya Mutuma. Karimi akaitwa kutoka kwa vyombo, mikono bado ina maji, akatia sahihi kwamba ameridhika.

Hana hata mahali pa kuzikwa.

Kwa redio wanasema kila mara kwamba msichana na mvulana ni sawa kwa mali ya baba yao, katiba imesema. Mimi huwa naizima. Nilidhani hayo ni maneno ya mawakili wa Nairobi. Leo sheria ilikuja mpaka kwa uwanja wangu, ikauliza vizuri, ikaandika jina lake. Na bado haikumsaidia kitu. Ilikuwa inangoja neno moja kutoka kwa mzee mmoja, na huyo mzee ni mimi.

Jioni nimemkuta akifunga ile begi yake. Kuna kazi kwa mashamba ya maua huko Timau, ameitiwa na rafiki, anaondoka asubuhi. Nilisimama mlangoni nikitaka kusema. Nikasema, "Timau kuna baridi."

Akasema, "Nina sweta, Baba."

Ni hayo tu.

Nyumba ya naibu wa chifu haiko mbali, hata kwa hii nyonga yangu. Naweza kwenda nimwambie nilidanganya, arudishe karatasi. Nimevaa viatu mara mbili. Nimevua mara mbili. Nikifikiria kicheko cha Baariu, narudi kuketi. Mzee mzima nimeogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kumpoteza mtoto.

Na hapa nimeandika kwa sababu wazee wetu hawasomi kwa simu. Mnaona? Hata ukweli nausema mahali hautaniuma. Lakini Karimi husoma, ukurasa aliufungua yeye. Akifika Timau, akifungua, atajua kwamba siku ile dirishani nilikuwa macho. Sijui kama hiyo itamtuliza au itamuumiza zaidi.

Mti wa babu umekomaa upande wa juu. Kesho ilikuwa siku ya kuuchuma. Ukungu ukitoka, utaonekana mpaka barabarani, kijani kabisa, na hakuna mtu juu yake.