Jivu la Bustani ya Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Natumaini mu wazima. Huku nasi hatujambo, ila mama amenichosha hadi basi.

Ulinituma nimwambie aache kumlisha mwanao mboga za bustani ya nyuma. Nimemwambia mara nne. Nilimweleza kwamba pale ndipo marehemu baba alipokuwa akipasua betri za magari, na madini ya risasi yaliyomwagika hayajaenda popote. Akanijibu kwamba udongo umeyavumilia miaka ishirini, asiyeweza kuvumilia ni mimi na vichupa vyangu vya maabara. Nikang'oa mboga. Kesho yake nikamkuta anapanda nyingine, tena akanituma ndoo ya maji.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ana hoja. Mwaka nilioanza kazi niliupima udongo ule. Risasi ilikuwemo tele, lakini kwenye majani ilikuwa chembe tu, nikaridhika. Udongo uliishika. Safari hii risasi ya udongoni ni ileile, ila majani yamejaa. Udongo umekuwa mchachu, na udongo ukichacha huachia ulichokishika, mizizi ikanywa.

Jana tulipata majibu ya damu ya mwanao. Risasi imo, na imepita kiasi. Daktari anasema tumewahi. Akiacha mboga zile itapungua, na mwezi ujao atapimwa tena. Tulipofika nyumbani mama akaenda kung'oa mboga zote kwa mikono yake, kisha akaniuliza, "Kwani si wewe uliyeniambia niache jivu?"

Dada, ni kweli. Unakumbuka alivyokuwa akimwaga jivu la jikoni bustanini kila Jumamosi? Jivu lile ndilo lililozuia udongo usichache. Nami, na cheti changu kibichi mkononi, nilimcheka, nikamwambia ule ni ushamba, nikamletea mifuko ya mbolea ya dukani inayochachusha udongo. Nimelijua hilo tangu mwezi uliopita. Badala ya kukiri, nikakuandikia kwamba mama ni mbishi. Naona aibu.

Miaka yote nalalamika kwamba mama hanisikilizi. Alinisikiliza mara moja tu, na ni hiyo.

Mwanao anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Njoo, na maneno yako uyaweke akiba mpaka tuonane. Mama naye anakusalimu. Mimi hajanisemesha tangu jana.

Ni mimi mdogo wako,
mliyekuwa mkimwita Profesa