Viatu vya Mbio Alivyovifua Shangazi

Baba,

Nianze na habari unayoingoja: nimeshinda. Ni mara ya tatu sasa kuwa bingwa wa taifa, na wasichana wa Kinshasa wameuona mgongo wangu tu. Lakini kaa vizuri nikueleze, maana nusura nisiende kabisa.

Tulipotoka kukuzika, shangazi zangu walikusanya vitu vyako vyote wakaenda kuvifua mtoni, kama desturi inavyotaka. Mashati, shuka, hata kofia yako ya kazi. Shangazi Dorika akakuta viatu vyangu vya magurudumu juu ya meza yako, pale ulipoviacha. Akavisugua kwa sabuni mpaka ndani ya kila tundu, akavianika juani. "Nimefula yote, mutoto wangu, hata ile viatu yako ya mbio," akaniambia kwa fahari. Nilishukuru, ningefanyaje? Matanga yalipokwisha nikavishika: hakuna gurudumu lililozunguka. Kutu ilikuwa imekamata rulma zote, zile pete za chuma zenye vigololi ambazo wewe peke yako ulikuwa ukizifungua.

Hapo nililia, Baba. Makaburini nilijikaza kwa sababu watu walikuwa wengi. Kwa magurudumu nililia mpaka kamasi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukimbia tu. Bisibisi na mafuta vilikuwa vyako, tangu ile Jumapili tulipoona kwenye televisheni ya jirani watu wakishindana kuteleza juu ya barafu, wanainama kwenye kona mpaka mkono unagusa chini. Mama alicheka. Wewe ulisimama, ukaonyesha lami ya barabara nje: "Siye barafu hatuna, lakini gudron tuko nayo." Kesho yake ukakata bidoni, lile dumu la plastiki la manjano la mafuta, ukanishonea vipande kwenye ncha za vidole vya glavu, ili mkono uteleze juu ya lami bila kuchunika. Bulvari nzima, barabara yetu kubwa, ilitucheka. Halafu nikashinda Bunia, nikashinda Kisangani, na aliyebaki kucheka ni wewe.

Basi nikakalia kiti chako. Nikaziloweka rulma kwenye esansi, petroli ya pikipiki, nikazisugua moja moja kwa mswaki wako mkuukuu, nikazitia mafuta. Mbili zilikataa kabisa. Nikachukua nyingine kwenye viatu vyangu vya zamani. Shangazi alisimama mlangoni muda wote. "Ni mimi njo niliharibisha?" akauliza, sauti ndogo. Nikamwambia hapana, Shangazi, ulisafisha kupita kiasi tu. Kisha nikalizungusha gurudumu karibu na sikio, kama ulivyokuwa ukinifanyia: "Ikilia, iko mbaya. Ikinyamaza, iko muzuri." Lilinyamaza. Shangazi naye akaleta sikio lake.

Huko Kinshasa, kona ya mwisho, nilikuwa wa tatu. Wale wawili mbele wakaogopa kona, wakatanuka kwenda nje. Si ulisema? Mwenye hofu hukufungulia mlango wa ndani. Nikainama, bidoni likakwaruza lami, nikapita chini yao wote wawili. Usinisifu sana. Nilijua nitapita.

Ila nilipovuka mstari niligeuka kukutafuta pembeni, pale unaposimama siku zote na taulo begani. Nilikutafuta kabisa, Baba, kama mjinga.

Nyumba imekuwa kimya. Hakuna nyundo, hakuna redio yako ya asubuhi. Mama anasema kimya hiki kinamtisha. Jana nilimwita kwenye meza yako, nikamzungushia gurudumu sikioni, nikamwambia maneno yako. Alisikiliza mpaka likasimama lenyewe, akasema nilizungushe tena.

Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi, kila baada ya mbio nitavifungua viatu hivi kwa mkono wangu, na Shangazi hatavisogelea na sabuni. Na wewe ukinyamaza huko, nitajua uko muzuri.

Binti yako,
Furaha