Kaka Deo, Wamemfufua Bibi

Kaka Deo,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini nikianza kuongea na wewe bila shikamoo Mama atanifinya.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Lile gemu la Mfalme Kipofu, la pili, ulilolisubiri mpaka ukawa unawauliza manesi wodini kama wamesikia limetoka, basi limetoka. Rafiki yako Shija alikuja nalo kutoka Nyakanazi pamoja na mashine yake ya kuchezea, kaipakata kwenye basi njia nzima, eti nicheze kwa niaba yako. Unamjua Msukuma wako, akimpenda mtu anampenda kwa mwili mzima. Nimelicheza. Kaka, linatia kinyaa.

Nianze na mazuri, maana ungeniambia, "Editha, acha jazba, toa hoja." Haya. Mvua yake ni mvua kweli, matope yanashika viatu mpaka unataka kumvua shujaa. Farasi hakwami tena ukutani. Yale majoka tuliyozoea kuyaua kwa kujificha nyuma ya jiwe moja, sasa yana akili, yanalizunguka jiwe. Na unaweza kulima na kufuga! Shija aliacha vita kabisa, akawa anachunga ng'ombe wake humo mchana kutwa, kila baada ya muda ananiita nikamwone yule mwenye pembe ndefu. Hapo nawapa haki yao.

Sasa uozo. Kila unayekutana naye anakutuma uyoga. Mfalme uyoga, mke wa mfalme uyoga. Nchi inaungua, jeshi liko mlangoni, mtu mzima na heshima zake anakuomba uyoga! Halafu kuna mshale unakuonyesha pa kwenda, na ukisimama kidogo tu utazame mto, unawaka na kupiga kelele, yaani huruhusiwi kupotea. Sisi kwenye lile la kwanza tulipotea likizo nzima na ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Maongezi nayo marefu kama kikao cha kijiji, na ujibu kwa heshima au kwa matusi, unaambiwa kitu kile kile. Nimejaribu. Nilimtukana mfalme, akanishukuru.

Hayo yote ningeyameza. Lakini wamemfufua Bibi.

Yule mganga mzee aliyetembea na shujaa wetu kwenye gemu la kwanza, akatutibu kila tulipochanwa, mwisho akafa darajani ili sisi tuvuke. Ulilia, usikatae. Ukasema hatuwezi kwenda kuua majoka huku tuna msiba. Ukampeleka shujaa kijijini kwa Bibi, ukamkalisha pale penye moto, ukatangaza hakuna kuuza wala kupigana mpaka tuanue matanga. Runinga inawaka, shujaa amekaa, na sisi tumekaa. Mama akapita na ungo wa maharage, akauliza mnatazama nini hapo, mbona hakuna kinachosogea. Ukamjibu, "Tuko msibani, Mama." Alitusema siku ile! Eti kuna watu kule Mugoma wamefiwa kweli na hatukwenda, tumekaa hapa kumlilia mtu wa umeme. Lakini jioni alipita tena, akauliza kama marehemu aliacha watoto.

Sasa kwenye la pili unaingia sokoni tu, Bibi huyu hapa, anauza dawa, anacheka. Eti hakufa, alijificha. Khaa! Alijificha wapi na sisi tulimzika? Na hakuna hata mmoja anayemuuliza. Wala si yeye peke yake, humo hafi mtu. Mwenzako akianguka unammwagia chupa ya maji ya kijani, anainuka, anajipangusa vumbi, mnaendelea na uyoga wenu. Niliitupa padi ya kuchezea kitandani. Na nikuambie ukweli, nilimwonea wivu. Nilimchukia yule kikongwe kwa sababu amerudi yeye na si wewe.

Ningezima siku ile ile, ila gemu likaniuliza kama nataka kumleta shujaa wangu wa zamani. Shujaa wako, kaka, bado yumo kwenye mashine ya Shija, yule uliyemtengeneza kwa sura yako mwenyewe, na hayo masikio yako ya kutokeza, na jina DEO linaelea juu ya kichwa. Nikakubali. Kwenye hili la pili huyo humchezi, anakufuata tu nyuma. Ukitembea anatembea, ukisimama anasimama, na ana sentensi chache za Kiingereza anazozirudia.

Mama akamwona.

Unajua Mama hakulia? Tangu tulipokutoa hospitali mpaka kaburini hakudondosha chozi. Alipika, alipokea watu, alipanga nani alale wapi, wakawa wanasema yule mama ana moyo mgumu. Tukaanua matanga, na bado anasema Deo hapendi chumvi nyingi. Siku ile alisimama mlangoni, akatazama weee, akavuta kigoda. Kesho yake akawahi kutoka shamba. Ikawa kila alasiri yuko mbele ya runinga, maharage yanamezwa na magugu. "Mtembeze kidogo," ananiambia, nami namtembeza, kwa sababu ningefanyaje? Siku moja nikamsikia anamsimulia jirani kwenye uzio kwamba leo Deo amevaa koti jekundu. Yule jirani alinitazama. Nikatazama chini.

Hapo ndipo kinyaa kilinishika barabara. Kuna watu walikaa mahali wakaona kifo kinawaudhi wateja wao, wakakitoa kama mtu anavyotoa jiwe kwenye mchele, kisha wakajipongeza. Washenzi! Hawakuwaza kwamba huku Nyamiaga kuna mama wa mtu.

Wiki iliyopita lile lisanamu lako lilisimama, likageuka, likasema lile neno lake kwamba liko nami daima. Mama akauliza, "Anasemaje?" Nikamwambia anasema twende. Mama akasogeza kigoda karibu zaidi. Akasema, "Muulize kama figo bado zinamuuma."

Kaka. Jamani, kaka.

Nilichomoa waya ukutani. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, Mama, huyu si Deo. Deo tulimzika, na wewe mwenyewe ulitupa udongo. Nilidhani atanizaba kofi. Aliinuka taratibu, akatoka uani, akasimama kwenye migomba, akalia. Sijawahi kusikia mtu analia vile. Majirani walikuja mbio, wengine na majembe mkononi, wakijua ni msiba mpya. Wakamshika, wakamuuliza nani amekufa.

Mama akasema, "Deo."

Hakuna aliyemwambia ameshakufa siku nyingi. Wanawake walikaa naye chini, mmoja akamfungua kitambaa kichwani, wakalia naye upya kana kwamba ndiyo kwanza umeletwa. Siku ile alilala mpaka asubuhi. Kesho yake akaamka, akanigombeza kwamba chai haina majani, akachukua jembe akaenda kupalilia.

Shija ameondoka na mashine yake na ng'ombe zake. Aliniomba msamaha, nikamwambia hana kosa, yeye alileta zawadi. Kabla hajaifungasha nilimfuta yule wa kukufuata nyuma. Gemu likaniuliza kama nina hakika. Nilikaa na hilo swali kidogo, halafu nikabonyeza ndiyo.

Kwa hiyo usinisubiri nikusimulie mwisho wake, sitaufikia. Pumzika, kaka yangu. Nitakutaja kila siku, nitasimulia upuuzi wako kwa wanangu mpaka wachoke, na pale ulipokosea nitakusema. Ila kukufufua, hapana. Umekufa, Deo. Nakuahidi sitamruhusu mtu yeyote amwambie Mama vinginevyo, hata mimi.

Mdogo wako,
Editha