Niliumia kwenye Mpira wa Wavu, Lawama Kabeba Mume Wangu

Mpendwa Bi Mwanakombo, shikamoo. Nisaidie mama yangu, nimechoka mpaka kueleza kwenyewe kunanichosha.

Nina miaka arobaini na moja, naishi Chuno, nauza samaki wa kukaanga, na jioni sisi kina mama wa mtaani tunacheza mpira wa wavu, tulianza kwa ajili ya presha lakini tukaupenda kweli, sasa mwezi uliopita tukicheza na wenzetu wa Naliendele mpira ukaja juu ya wavu, nikaruka kuuzuia, na Yasmini, wifi yangu, dada wa mume wangu kabisa, tuko naye timu moja, naye akaruka bila kuniona, kiwiko chake kikanipata chini ya jicho la kushoto, nikasikia kitu kimelia kichwani kama ganda la korosho likipasuliwa.

Uso ukavimba, jicho likafumba. Nilipopanga samaki mezani mteja mmoja akaniuliza, "Mume huyo?" Nikamwambia ni mpira. Akacheka kidogo, akasema, "Wenzio huwa tunasema tumejigonga mlangoni."

Bi Mwanakombo, mume wangu Thabiti hajawahi kuninyanyulia mkono, lakini sasa akipita barazani watu wananyamaza, akitoka msikitini hakuna anayemngoja watembee pamoja, na zahanati nesi alimtoa nje ndipo akaniuliza polepole, "Dada, nani amekupiga?" Nilipotoka sikumkuta. Nesi alisema niende hospitali kubwa nikapigwe picha ya mfupa, ila Thabiti anasema hatasimama tena mbele ya watu wamtazame vile, na mimi peke yangu naogopa, kwa sababu nikitazama juu naona vitu viwili viwili, naona waume wawili na wote wamenuna, na shavu lina ganzi mpaka leo.

Nimemwomba Yasmini aseme ukweli, akanijibu, "Nikisema ni mimi, watasema ukoo mzima tunakupiga." Na baba yangu ametuma salamu kutoka Kilambo, anakuja Ijumaa na baba mdogo kunichukua. Je, niende naye ili maneno yaishe? Na mpira niuache?

Mwasiti, Chuno

Marahaba, Mwasiti, na pole sana mwanangu. Umeniuliza habari ya baba, ya maneno ya watu na ya mpira. Ya jicho hukuuliza, na ndilo lililonitia hofu.

Mfupa ulio chini ya jicho ni mwembamba. Ukivunjika, msuli unaozungusha jicho unaweza kunaswa mle ndani. Kuona viwili kwa mwezi mzima, na ganzi juu yake, si uvimbe wa kungoja upoe. Umechelewa. Kesho asubuhi nenda hospitali, na mpaka daktari akuone usipenge kamasi kwa nguvu.

Nesi usimnunie. Angenyamaza kwako, angenyamaza na kwa yule ambaye kweli anapigwa. Na yule mteja wako, mwanangu, ulimsikia alichosema? "Huwa tunasema." Alikuwa anakueleza habari zake, nawe ukasikia yako tu. Akija tena kununua samaki, mvutie kiti.

Baba asije kukuchukua. Mpigie simu leo. Kisha simu mpe Yasmini, yeye ndiye amweleze, si wewe. Yasmini, kama unanisoma: kugonga mtu mchezoni si dhambi, ila kumwacha kaka yako abebe mzigo wako ni uonevu. Mwambie mkwe wenu, baba yake Mwasiti, kisha uwaambie kina mama wote waliokuwepo uwanjani wavunje ukimya huko mitaani. Mlikuwa uwanja mzima, mbona mmeshindwa na baraza moja?

Mpira utaurudia daktari akikuruhusu. Na anayeufuata mpira apaze sauti, "Wangu!" Mnaona haya kupiga kelele kwa kuwa ni watu wazima, ndiyo maana mnavunjana nyuso.

Limebaki la Thabiti. Thabiti mwanangu, najua inauma kutazamwa kama mkatili nawe hukutenda. Lakini ukimwacha aende peke yake, walionena watapata la kuongeza, na jicho likiharibika halitarudi. Nenda naye. Kaa kwenye benchi, watazame wapendavyo, ukiitwa simama. Kwenye ngazi mshike mkono, maana yeye anaona ngazi mbili.