Gari Haioni Njia

Furaha mujukuu wangu,

Huku Nchelenge tuko wazima. Samaki imepunguka ziwani, lakini bibi yako Keziya angali anaimba kanisani.

Unauliza sababu gani sindano ya mwendo ya gari yako inaonyesha makumi nane, na simu inasema sabini na tano. Gari haioni njia, mama. Inahesabu tu mizunguko ya magurudumu. Mipira ikilika, gurudumu linapungua, linazunguka zaidi, na sindano inapanda. Tena wenye kutengeneza magari wanaiacha iseme juu kidogo, ili usikimbie sana.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nikiwa kijana, nilibeba samaki mpaka Mansa. Kipimo cha mafuta kilikufa, basi nilikisia mafuta kwa kilometa. Siku moja nikaweka mipira mikubwa, sababu ya matope. Gari ikahesabu kilometa chache kuliko zile tulizokwenda, na mafuta yakaisha porini.

Mwenye samaki, binti mmoja, alikuwa ndani. Nikangoja anitukane. Akaangalia mipira, akasema: "Gari umeivalisha viatu vikubwa, na hesabu ukaiacha ya zamani?" Kisha akafungua chumvi, akanifundisha kupasua samaki ili isioze, tukafanya pamoja mpaka mafuta yakaletwa.

Ndiye bibi yako. Sasa kila gari ikipita anauliza kama ni wewe. Ninamwambia Lusaka unakokaa ni mbali, hauwezi kufika leo. Ananijibu: "Na wewe, hesabu yako ya njia ilikuwa sawa lini?" Kisha anaenda kukutandikia kitanda.

Babu yako,
Yona